Masika yanapoingia: Namna ya kuchagua tairi la baiskeli kwa barabara zenye maji na tope Babati

BABATI, MANYARA

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya Mlima Kwaraa, waendesha baiskeli huingia mjini Babati kutoka pande zote. Wapo wanaoleta maziwa kwenye madumu, wapo waliofunga magunia ya mahindi na mikungu ya ndizi kwenye keria, na wapo mafundi, vibarua na wanafunzi wanaowahi kazini na shuleni. Kwa wengi wao baiskeli ni chombo cha kazi, na kazi hiyo haisimami mvua inaponyesha.

Katika Mkoa wa Manyara, kama ilivyo kwa mikoa jirani ya Arusha na Kilimanjaro, mvua hunyesha katika misimu miwili: Vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na Masika, kati ya Machi na Mei. Katika miezi hiyo barabara ambayo mwendeshaji ameizoea hubadilika. Lami huteleza, njia za udongo hugeuka tope, na breki zilizokuwa zikishika vizuri wakati wa kiangazi huchelewa kushika. Kinachomuunganisha mwendeshaji na barabara hiyo ni matairi mawili tu, na kila moja hugusa ardhi kwa eneo lisilozidi sana ukubwa wa kiberiti.

Pamoja na umuhimu huo, tairi la baiskeli mara nyingi hununuliwa kwa kuangalia bei pekee, au kwa kuchagua lile lenye kashata kubwa kwa dhana kwamba ndilo litakaloshika zaidi kwenye maji. Dhana hiyo ni sahihi kwa upande mmja tu wa safari. Makala haya yanaeleza namna tairi linavyofanya kazi kwenye lami iliyolowa na kwenye tope, namna ya kusoma namba zilizoandikwa ubavuni mwake, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyakagua kabla ya kutoa fedha zake.

Safari moja, barabara mbili

Mji wa Babati upo mahali ambapo barabara kuu zinakutana. Upande mmja ipo barabara itokayo Arusha kupitia Minjingu na Magugu. Upande mwingine ipo iendayo Singida kupitia Katesh. Na upande wa kusini ipo iendayo Dodoma kupitia Bonga na Kondoa. Barabara ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa rasmi mwezi Aprili 2018 baada ya kukamilika kwa kiwango cha lami. Barabara hiyo ni sehemu ya njia kuu ya kihistoria inayounganisha Cape Town na Cairo.

Lami hiyo imerahisisha usafiri, lakini pia imeongeza kasi. Baiskeli leo hutumia barabara moja na mabasi ya mikoani na malori ya masafa marefu. Mwendeshaji anayeteleza kwenye lami anaweza kuanguka mbele ya gari linalomfuata, na hapo kosa dogo la tairi linaweza kugharimu maisha.

Hata hivyo, ni wachache wanaoanza safari yao kwenye lami. Walio wengi huanza kwenye njia za udongo zitokazo mashambani na vijijini. Kwenye miteremko udongo mwekundu huteleza unapolowa. Kwenye mabonde na mbuga udongo mweusi hunata na kujikusanya kwenye magurudumu. Mwendeshaji huvuka tope hilo, hufika barabara kuu na kumalizia safari kwenye lami. Kwa hiyo, swali la kwanza kwa anayetaka kununua tairi ni hili: katika safari yake ya kila siku, ni sehemu gani kubwa zaidi, ya lami au ya udongo? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua aina ya tairi.

Kwenye lami: ubora wa mpira hutangulia michoro

Wananchi wengi wanafahamu kwamba gari linaweza kuelea juu ya maji likienda kasi, na kwamba mifereji ya tairi husaidia kuyatoa maji hayo. Kutokana na hilo, hudhaniwa kwamba baiskeli nayo inahitaji mifereji mirefu kwa sababu hiyohiyo. Hali haiko hivyo.

Kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji hutegemea sana mgandamizo wa upepo uliomo ndani yake. Kwa mujibu wa kanuni iliyotokana na utafiti wa magurudumu ya ndege, tairi la gari lenye upepo wa pauni 30 kwa kila inchi ya mraba linaweza kuanza kuelea likikaribia kilomita 90 kwa saa. Tairi la baiskeli lenye upepo wa pauni 50 lingehitaji kasi ya zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Aidha, tairi la baiskeli ni jembamba na la mviringo, hivyo hukata maji na kuyasukuma pembeni. Ni nadra sana mwendeshaji wa kawaida kuikaribia kasi hiyo, hata akiwa kwenye mteremko mkali.

Baiskeli huteleza kwenye lami iliyolowa kwa sababu nyingine: mpira wenyewe hushindwa kushika mawe madogo yaliyomo kwenye lami. Mpira laini hujibonyeza na kuingia katikati ya mawe hayo. Mpira mgumu, au uliokakamaa kwa uzee na jua, hupita juu yake tu. Ndiyo maana watengenezaji wa matairi huchanganya mpira na masizi maalumu ya kaboni, ambayo huupa rangi nyeusi na uimara, na baadhi yao huongeza silika ili mpira ushike vizuri zaidi kwenye maji.

Kutokana na hali hiyo, tairi lenye uso ulio karibu kuwa laini, au lenye michoro midogo, huweza kushika vizuri zaidi kwenye lami iliyolowa kuliko tairi la kashata kubwa. Kashata hupunguza eneo la mpira linalogusa lami, na baiskeli inapolala kwenye kona kashata hizo hujipinda na kumfanya mwendeshaji ahisi gurudumu likikimbia. Mwendeshaji ambaye sehemu kubwa ya safari yake ni lami hana sababu ya kulipia kashata ambazo hatazitumia.

Yapo maeneo matatu ya lami yanayohitaji tahadhari zaidi, hata kwa mwenye tairi jipya. La kwanza ni lami yenyewe katika dakika za mwanzo za mvua baada ya kipindi kirefu cha ukame. Vumbi, mafuta na masizi ya magari yaliyojikusanya huchanganyika na maji na kufanya utando unaoteleza, kabla mvua haijanyesha vya kutosha kuuosha. La pili ni michoro ya rangi, vikiwemo vivuko vya waenda kwa miguu. La tatu ni vyuma: mifuniko ya mitaro na maungio ya madaraja. Katika maeneo hayo mwendeshaji anashauriwa kupita akiwa wima, bila kukata kona na bila kufunga breki ghafla.

Kwenye udongo: hapo kashata hufanya kazi

Tope halina mawe ya kushikwa na mpira. Hapo tairi hupata nguvu kwa kuuma, na kashata ndizo meno yake. Kwa mwendeshaji ambaye sehemu kubwa ya njia yake ni udongo, tairi lenye kashata zilizo wazi ndilo chaguo linalofaa.

Umbali kati ya kashata moja na nyingine una umuhimu kuliko urefu wake. Kashata zilizobanana hujaa tope mara moja, na tairi hugeuka kuwa gurudumu la udongo lisilo na meno. Zilizoachana huweza kujisafisha, kwa kuwa gurudumu linapozunguka tope hurushwa nje. Kashata za pembeni nazo ziwe imara, kwani ndizo zinazoshika baiskeli inapoyumba kwenye alama za magurudumu ya malori na matrekta.

Kwa udongo mweusi unaonata kuna jambo la ziada, nalo ni nafasi kati ya tairi na madigadi. Tairi pana likiwekwa kwenye baiskeli yenye madigadi yaliyobana, tope hukwama katikati na gurudumu husimama kabisa, wakati mwingine likiwa na mzigo mkubwa nyuma. Kabla ya kununua tairi pana kuliko la awali, inashauriwa kuhakikisha kuwa kidole kimoja cha mkono kinaweza kupita kati ya tairi jipya na madigadi, na kati yake na fremu, pande zote mbili.

Kwa wanaotumia barabara za aina zote mbili kwa kiwango kinachokaribiana, lipo tairi la kati: lenye mstari wa mpira usiokatika katikati na kashata ndogo pembeni. Kwenye lami tairi hilo hutembea juu ya mstari wa kati. Kwenye udongo huzama kidogo na kashata za pembeni huanza kuuma. Halifikii ubora wa matairi mengine mawili kila moja mahali pake, lakini kwa safari ya kutoka shambani hadi sokoni ndilo linalofaa watu wengi zaidi.

Upana wa tairi

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba tairi jembamba lenye upepo mwingi ndilo linalokwenda haraka zaidi. Imani hiyo imebadilika hata kwa waendesha baiskeli wa mashindano: wale wa Ulaya, ambao zamani walitumia matairi ya upana wa milimita 23 au pungufu, sasa hutumia ya milimita 28 na zaidi. Tairi pana linaweza kuendeshwa kwa upepo mdogo bila rimu kugonga barabara, na upepo mdogo huliwezesha kufuata umbo la barabara badala ya kurukaruka juu yake.

Baiskeli nyingi za kazi mkoani Manyara, zile ndefu zenye breki za fimbo, hutumia tairi la upana wa takriban milimita 40. Upana huo unafaa kwa msimu wa mvua. Wanaotumia baiskeli za gia zenye magurudumu ya inchi 26 huwa na matairi ya milimita 50 au zaidi, ambayo yanafaa zaidi kwenye udongo. Wenye baiskeli za mashindano zenye matairi membamba wanashauriwa kutumia tairi pana kadiri fremu na breki zinavyoruhusu katika kipindi chote cha mvua.

Kusoma namba ubavuni mwa tairi

Makosa mengi ya ununuzi hutokea hapa. Mteja hufika dukani na kuomba tairi la “namba 28”, hupewa, hulipa, na anapofika kwa fundi hubaini kuwa haliingii kwenye rimu, au linaingia kwa kulegea.

Sababu ni kwamba inchi zinazotajwa ni kipimo cha jumla cha gurudumu, na rimu za aina tofauti zinaweza kuitwa kwa jina moja. Tairi la 28 × 1½, linalotumiwa na baiskeli ndefu za kazi, hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 635. Tairi la baiskeli za mashindano, linaloandikwa 700C, nalo huhesabiwa kuwa la inchi 28, lakini rimu yake ina kipenyo cha milimita 622. Tofauti ya milimita 13 inatosha kufanya matairi hayo yasibadilishane kabisa. Hali ni hiyohiyo kwa inchi 26: tairi la 26 × 1⅜ hukaa kwenye rimu ya milimita 590, ilhali tairi la baiskeli za gia, kwa mfano 26 × 1.95, hukaa kwenye rimu ya milimita 559.

Ili kuondoa utata huo, watengenezaji huandika pia kipimo cha kimataifa chenye namba mbili zilizotenganishwa kwa kistari, kwa mfano 40-635. Namba ya kwanza ni upana wa tairi na ya pili ni kipenyo cha rimu, zote kwa milimita. Mwananchi anashauriwa kunakili namba hizo kutoka kwenye tairi lake la zamani kabla ya kwenda dukani. Namba ya pili lazima ilingane kabisa. Namba ya kwanza inaweza kuongezeka au kupungua kidogo, mradi nafasi ya madigadi na fremu inaruhusu.

Matairi mengine huwa na mshale ubavuni unaoonesha upande wa kuzunguka. Mshale huo uelekee mbele baiskeli inapokwenda. Kwenye tope, tairi la kashata lililofungwa kinyume huuma kwa udhaifu na hukusanya udongo zaidi.

Upepo: jambo lisilogharimu fedha

Tairi zuri lenye upepo usiofaa halina faida. Ubavuni mwa tairi huandikwa kiwango cha upepo kinachoruhusiwa, kikifuatiwa na herufi PSI au BAR. BAR moja ni sawa na PSI 14.5. Mwendeshaji hapaswi kuzidisha kiwango cha juu wala kushuka chini ya kile cha chini.

Ndani ya mipaka hiyo, siku ya mvua inafaa kupunguza upepo kidogo, kiasi cha sehemu moja ya kumi, ili tairi liguse barabara kwa eneo kubwa zaidi. Kwa mfano, mwendeshaji asiye na mzigo ambaye wakati wa kiangazi hutumia PSI 50 anaweza kutumia 45. Kwa anayebeba mzigo mzito, punguzo hilo lisifanyike kwenye tairi la nyuma. Tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo hujikunja, rimu hugonga kwenye shimo, na tyubu hung’atwa katikati. Dalili ya pancha ya aina hiyo ni matundu mawili yaliyo sambamba, tofauti na tundu moja la mwiba.

Kwa kuwa si kila fundi ana kipimo cha upepo, ipo njia rahisi ya kukagua. Mwendeshaji akae kwenye baiskeli pamoja na mzigo wake wa kawaida, na mtu wa pili aangalie tairi la nyuma mahali linapogusa ardhi. Tairi la upana wa milimita 40 linapaswa kushuka kwa takriban milimita 6. Lisiposhuka kabisa, upepo umezidi. Likishuka zaidi ya hapo, upepo haujatosha. Ukaguzi huo ufanyike angalau mara moja kwa wiki, kwani tyubu hupoteza upepo kidogokidogo hata pasipo pancha.

Tairi bora liwe la mbele

Ni desturi ya waendesha baiskeli wengi kufunga tairi jipya nyuma na kulihamishia la zamani mbele, kwa hoja kwamba nyuma ndiko kwenye mzigo na ndiko tairi linakoisha haraka. Hoja hiyo ni ya kweli kuhusu uchakavu, lakini si salama kwenye barabara iliyolowa.

Gurudumu la mbele ndilo linaloongoza baiskeli, na wakati wa kufunga breki uzito husogea mbele. Tairi la nyuma likiteleza, mwendeshaji mara nyingi hupata nafasi ya kuirekebisha baiskeli au kuweka mguu chini. Tairi la mbele likiteleza, huanguka kabla hajatambua kilichotokea. Hivyo, mwenye uwezo wa kununua tairi moja tu kabla ya Masika anashauriwa kulihamishia nyuma lile la mbele, iwapo bado ni zima, na kufunga jipya mbele. Tairi kipara lisifungwe mbele kwa namna yoyote.

Miba na vioo

Pancha huongezeka wakati wa mvua, na sababu yake inaeleweka. Maji hulainisha mpira na kitu chenye ncha, hivyo kipande cha kioo au mwiba wa mgunga ambao kwenye ukame ungeteleza pembeni hupenya kwa urahisi. Vilevile, maji husomba takataka na kuziacha pembezoni mwa barabara, mahali ambapo baiskeli hupita.

Matairi yenye tabaka la kinga chini ya uso wa mpira hupunguza tatizo hilo, ingawa ni mazito na bei yake ni kubwa zaidi. Kwa anayebeba maziwa, ambayo huharibika yakichelewa, gharama hiyo huweza kurudi kwa muda mfupi. Kwa asiyeweza kuimudu, njia ya bei nafuu ni kukagua matairi kila jioni na kuondoa kila kipande kilichonasa. Mwiba mwingi hautoboi tyubu siku unapoingia. Huingia taratibu kila gurudumu linapozunguka, na mara nyingi ukiondolewa mapema tyubu hupona.

Kabla ya kutoa fedha

Tairi linaweza kuwa halijawahi kutumika na bado likawa halifai. Mpira hukakamaa na kupasuka kwa jua, joto na muda. Mnunuzi anashauriwa kulikunja tairi kidogo kwa mikono miwili na kuangalia ubavuni. Mipasuko midogo kama ya udongo uliokauka ni dalili ya uzee. Bonyeza kashata kwa ukucha: mpira mzuri hubonyea na kurudi. Aidha, waya wa ukingoni usiwe umekunjika au kutokeza nje.

Kwa tairi ambalo tayari linatumika, liondolewe mara moja nyuzi za ndani zinapoonekana, uso wa katikati unapokuwa bapa, au panapotokea uvimbe ubavuni.

Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililopo chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, ndilo lenye jukumu la kusimamia ubora wa bidhaa zinazozalishwa na zinazoingizwa nchini. Tume ya Ushindani (FCC) hushughulikia bidhaa bandia kupitia Sheria ya Alama za Bidhaa. Mwananchi anayetilia shaka bidhaa aliyouziwa ana haki ya kutoa taarifa kwa taasisi hizo. Ili taarifa hiyo iwe na nguvu, adai risiti wakati wa kununua na kuitunza.

Kwa waendesha bodaboda

Pikipiki huenda kwa kasi kubwa zaidi na hubeba abiria; hivyo kwake mifereji ya tairi ina umuhimu mkubwa zaidi kuliko kwa baiskeli. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira vinavyoonesha kikomo cha uchakavu. Uso wa tairi ukilingana navyo, tairi limekwisha. Pia, ubavuni kwa kawaida huwepo namba nne zinazoonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Namba 3523, kwa mfano, humaanisha wiki ya 35 ya mwaka 2023. Kuzisoma ni njia ya haraka ya kutambua tairi lililokaa ghalani miaka mingi.

Mambo ambayo tairi haliwezi kuyafanya

Tairi bora hupunguza hatari, lakini haliiondoi. Rimu za chuma zilizolowa hupunguza sana nguvu ya breki, na mwendeshaji huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Inashauriwa kuzigusa breki kidogo mapema ili zifute maji kabla ya kuzikaza, kupunguza mwendo kabla ya kona badala ya ndani yake, na kuongeza nafasi kati ya baiskeli na chombo kilicho mbele. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inawahusu pia waendesha baiskeli, na taa pamoja na nguo zinazoonekana ni muhimu zaidi wakati wa mvua, dereva wa gari anapokuwa na upeo hafifu.

Zaidi ya yote, hakuna tairi linaloweza kumvusha mtu salama kwenye maji yanayokwenda kasi. Mkoa wa Manyara unalifahamu hilo kwa uchungu. Tarehe 3 Desemba 2023, mafuriko na maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliingia Katesh na vijiji vya jirani na kuua zaidi ya watu 80. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa kila siku na taarifa za hali mbaya ya hewa kwa viwango vya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mwendeshaji anayezifuatilia huweza kuamua mapema kama atatoka, atabadili njia au atasubiri. Akikuta maji yamepita juu ya daraja au kalavati, asivuke. Arudi au asubiri yapungue.

Kwa ufupi, anayejiandaa kwa Masika afanye mambo matano: atambue kama njia yake ni ya lami au ya udongo, anakili namba mbili za kipimo kutoka kwenye tairi lake, akague mpira na kudai risiti, afunge tairi bora mbele, na apime upepo kila wiki kulingana na mzigo. Mengi kati ya hayo hayahitaji fedha. Yanahitaji dakika chache za ukaguzi jioni, ili kesho yake mzigo ufike sokoni na aliyeubeba arejee nyumbani salama.